Noti Iliyofutwa kwa Kalamu Nyekundu

Makundi yalikuwa matano, na kila kundi Mwalimu Noti alilipangia mahali pake: la kwanza chini ya ngazi, la pili nyuma ya maktaba, la tatu kwenye baraza ya ofisi, la nne uwanjani penye goli lisilo na wavu, na la tano, alimokuwa mjukuu wake, likabaki darasani. Kazi ilikuwa ile aliyoipenda kuliko zote. Kila kundi litunge mstari mmoja wa wimbo kuhusu mvua: maneno yao, mapigo yao, noti zao. Robo saa, kisha warudi.

Hapo ndipo ilipokuwa sifa yake. Walimu wengine wa muziki huwaimbisha watoto nyimbo za watu. Yeye aliwafundisha kutunga za kwao. Alianza na makofi. "Sema 'mwavuli umepasuka'," angemwambia mtoto. "Haya, sasa upige makofi vilevile ulivyosema." Makofi yakazaa mapigo, mapigo akayavisha noti, na mtoto ambaye asubuhi hakujua do wala ti, jioni alirudi kwao na wimbo wake mwenyewe, akawachosha dada zake mpaka wakamfukuza sebuleni. Wazazi walimpenda. Wakaguzi walimsifu. Na kila asubuhi mstarini watoto mia sita waliimba wimbo wa shule, ambao maneno na noti zake zilichongwa kwenye kibao cha shaba ukutani, na chini yake, kama mtunzi, jina lake yeye.

Kundi la kwanza lilirudi likaimba. So, so, la, ti, kisha sauti zikaporomoka hadi fa ya chini.

Mwalimu alicheka. "Jamani, mmeruka korongo! Kutoka ti mnaangukia fa? Ti hupanda nyumbani kwa do, hatua moja tu. Nani kawafundisha?"

"Imekuja tu, Mwalimu."

Kundi la pili lilikuja na maneno mengine, habari ya mabati na chura. Noti zilikuwa zilezile.

"Mmeibiana."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sisi tulikuwa kule nyuma ya maktaba!"

Kundi la tatu liliimba vilevile. Kundi la nne, wakati ti ikiporomoka, chaki ilimkatikia mwalimu mkononi. La tano halikuimba kabisa. Walipiga kwa filimbi, na fa ile ya mwisho waliivuta mpaka pumzi zikawaishia, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Darasa zima likamwangalia, likisubiri sifa. Mwalimu Noti alikuwa amegeukia ubao. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyewahi kuiangusha ti namna ile, na ile fa yake mwalimu mwenyewe aliifuta kwa kalamu nyekundu, miaka kumi na minne iliyopita, katika daftari la mtoto ambaye sasa hayupo.

"Nani kawafundisha?" aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Mjukuu wake akanyoosha kidole. Nyumbani walimwita Kitufe, kwa kipua chake kidogo cha mviringo. "Bibi... samahani, Mwalimu. Si ndivyo kinanda kinavyopiga? Kile cha stoo."

Kile kinanda cha kukanyaga kilikufa zamani. Panya waliitafuna mivukuto yake, ile mifuko ya ndani inayovuta hewa, na stoo ya ala ilikuwa na kufuli.

*

Saa saba mchana, watoto wakiwa wanakula, alikwenda kuazima ufunguo kwa Mama Usafi, mfagiaji wa shule. Mama Usafi alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alifagia kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulimuuma. Hakuuliza ufunguo ni wa nini. Aliuchomoa kwenye kamba aliyojifunga kiunoni, akampa bila kumtazama usoni, kama alivyofanya miaka yote.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Siku ishirini mvua haikunyesha, ardhi ya uwanja ilikuwa imepasuka kama kisigino, lakini stoo ilinuka udongo mbichi uliotoka kunyeshewa. Ngoma zilikuwa mahali pake. Marimba mbili zilikuwa mahali pake. Kinanda kilikuwa kule mwisho, chini ya dirisha, kimefunikwa vumbi kama blanketi, isipokuwa vibonye vinne tu, safi, vyeupe, vinang'aa kama meno. Hakuhitaji kuvihesabu kujua ni vipi.

Ndipo akasikia pumzi. Mwanzo alidhani ni yake, akaizuia, na pumzi ile ikaendelea bila yeye, taratibu, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, na alipotazama chini akaona kikanyagio cha kulia kinazama polepole, halafu cha kushoto, halafu cha kulia tena, kama vile kuna miguu midogo isiyofika vizuri na inayolazimika kujinyoosha, na kutoka ndani ya kile kisanduku ambacho mivukuto yake aliiona kwa macho yake mwenyewe imetobolewa ikabaki matambara, ikatoka so, ikatoka so, ikatoka la, ikatoka ti, na baada ya ti pakawa na kimya kirefu cha kusubiri, kimya kama cha mtu anayekuuliza, "Haya, na hapa?", mpaka mwalimu akajikuta amefunga macho na midomo yake mwenyewe, bila ruhusa yake, inaitoa fa.

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki ndani. Mama Usafi alikuwa amesimama kwenye ushoroba, ameegemea fagio.

"Umekisikia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia nini? Sijasikia kitu. Funga mlango."

*

Wacha tuliseme wazi, maana Mwalimu Noti alilijua na hakuwahi kulisema.

Mama Usafi alikuwa na binti mmoja, mtoto mdogo wa umbo aliyeitwa Kidege. Shule ikifungwa jioni, Kidege hakuwa na pa kwenda. Alimsubiri mama yake amalize kufagia, na alisubiria stoo, kwenye kinanda. Siku moja akiwa darasa la tano alileta daftari mezani kwa mwalimu. Ndani mlikuwa na wimbo mzima, beti tatu, umeandikwa kwa penseli. Mwalimu aliusoma mara moja, akausoma tena, na wivu ukamshika, kwa sababu alikuwa amesomea muziki miaka minne na hakuwahi kutunga kitu kizuri hata nusu ya kile.

Alimwambia mtoto umejaa makosa. Akafuta fa kwa kalamu nyekundu, akaandika do juu yake. Akabaki na daftari. Baada ya mwezi mmoja akaupeleka wimbo kwenye mashindano ya shule, kwa jina lake.

Kidege aliposema, "Huo ni wangu," mwalimu alimsimamisha mstarini mbele ya shule nzima. Akamwamuru aseme mara tatu, "Mimi ni mwongo." Mtoto akasema. Akatolewa kwaya. Siku ya mashindano basi la shule liliondoka bila yeye, naye akaamua kwenda kwa miguu, kilomita nane, kando ya barabara kuu. Lori lilimkuta kwenye kona. Taarifa zilimfikia mwalimu ukumbini, kikombe cha ushindi kikiwa mikononi mwake, na watu wakimpiga picha.

Tangu hapo hakuna aliyemwita yule mama Mama Kidege tena. Watu waliona haya, au walisahau. Akawa Mama Usafi.

*

Jioni ile, Kitufe alirudi nyumbani hasemi.

"Umekula?" bibi yake alimuuliza.

Mtoto akaitikia kwa kuimba, midomo imefungwa: so, so, la, ti, fa.

"Acha mchezo. Nimekuuliza, umekula?"

Macho ya Kitufe yalikuwa yamejaa machozi. Akafungua kinywa, akashika koo kwa mikono miwili, akasukuma kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Kilichotoka ni zile noti tano.

Hospitali walimulika koo wakasema ni zima. Wakasema labda ameshtuka. Mama yake Kitufe, aliyefanya kazi mji mwingine, alipiga simu akilia: "Mama, mwanangu umemfanya nini?" Siku ya tatu mtoto alianza kukataa maji. Alikuwa akitazama glasi, anatamani, anaisogeza mdomoni, na koo linaimba badala ya kumeza.

Shangazi mmoja wa jirani ndiye aliyesema kwa kunong'ona, akiwa mlangoni, kana kwamba ukuta una masikio: "Mwalimu, najua wewe ni msomi. Lakini hili si la hospitali. Mpeleke kwa Fundi."

Fundi alikuwa mshona nguo. Alikuwa na cherehani mbili na kidevu chenye kovu, na watu walimjia kupunguziwa suruali na kutolewa majini, vyote kwa utaratibu uleule: njoo kesho, usinisumbue. Alimtazama Kitufe akiwa bado na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Huyu hakai kwa mtoto," alisema. "Kwa mtoto amepanga tu. Kwake ni wapi?"

Mwalimu Noti akajifanya anamfunga mtoto vifungo vya shati.

"Mama, jini naweza kuongea naye. Wewe je, naweza?"

"Stoo," alisema mwalimu. "Stoo ya shule."

Ilikuwa Jumamosi, shule tupu, jua la utosi. Mama Usafi alifungua mlango, akataka kuondoka, Fundi akamzuia. "Kaa. Nina sababu." Harufu ya udongo mbichi iliwapokea kama mtu. Fundi alimkalisha Kitufe kwenye kiti cha kinanda, akaizungusha futi yake ya kupimia kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akaishika ncha.

"Hodi," alisema. "Hatukuja kugombana. Wewe ni nani?"

Vikanyagio vikaanza kuzama, kushoto, kulia. Miguu ya Kitufe ilikuwa inaning'inia, haijavigusa. Kisha kinywa cha mtoto kikafunguka, na sauti ikatoka pamoja na pumzi ya kinanda, nzito, ya taratibu.

"Mimi ni mwenye nyumba."

"Nani kakutuma?"

Funguo ziligongana mkononi mwa Mama Usafi.

"Hakuna. Anayetumwa huchoka akarudi. Mimi sikutumwa."

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Palikuwa na mtoto," ilisema sauti. "Watu wakiondoka, alikuja. Alikanyaga, akatafuta. Siku ya kwanza alipata noti moja. Siku ya pili, mbili. Nimekaa duniani kabla mahali hapa hapajajengwa, na hakuna aliyewahi kuniimbia. Yeye aliniuliza, 'Hapa ni pazuri?' Alidhani anauliza ukuta. Ile fa nilimpa mimi. Aliikuta, akacheka, akasema asante. Na huyu," kichwa cha Kitufe kikageuka kumwelekea bibi yake, polepole mno, "huyu aliifuta."

"Nisamehe," mwalimu alisema.

"Mimi? Mimi niliibiwa noti moja. Muulize mwenye fagio aliibiwa nini."

Mama Usafi alikuwa amejibana ukutani. Alipozungumza, sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Alitaka tu kuusikia ukiimbwa," alisema. "Aliniomba nauli, sikuwa nayo. Akaniambia, 'Mama, sitasema ni wangu. Nitakaa nyuma nisikilize tu.'" Akazibana funguo kiganjani. "Nilijua ni wake. Aliniimbia mimi kabla hajakuletea wewe. Miaka kumi na minne nafagia hapa, kila asubuhi mnaniimbia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Kati ya mwalimu na mfagiaji, nani angeaminiwa?"

Fundi akavuta futi. "Mwenye nyumba. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Kwa nini leo?"

Kitufe akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa la mtoto. "Nilisubiri huyu naye awe na mtoto wake wa darasa la tano."

Fundi akaikaza futi. Kisha akauliza bei ya kumwachia mtoto.

"Mahali aliposema uongo, aseme kweli. Mbele ya idadi ileile."

*

Jumatatu mwalimu mkuu alishangaa Mwalimu Noti alipoomba kuzungumza mstarini, lakini hakumkatalia, nani angemkatalia? Watoto mia sita walisimama kwa mistari. Kitufe alishikwa mkono na Fundi pembeni, midomo imekauka na kupasuka. Mama Usafi alisimama kwenye ngazi.

Mwalimu Noti alikuwa amekesha akiyapanga maneno. Alijiambia kweli ni kama dawa ya mtoto, unaweza kuitia sukari.

"Wanafunzi wangu," alianza. "Wimbo wetu wa shule una historia ambayo hamuijui. Sikuutunga peke yangu. Palikuwa na mwanafunzi mmoja, na mimi na yeye tuliutunga pam..."

Hakulimaliza neno. Watoto mia sita walifungua vinywa kwa pamoja, wale wadogo wa mbele wenye mapengo na wale wakubwa wa nyuma waliokuwa wakisukumana, na vinywa vyote vikatoa noti moja, fa, ya chini, isiyo na maneno wala pumzi, noti iliyoingia ardhini na kupanda miguuni mwa walimu, iliyotikisa vioo vya madirisha na kuwanyanyua njiwa wote paani, na watoto wenyewe walikuwa wakitazamana kwa hofu, wengine wakijiziba midomo kwa viganja na noti ikiendelea kutoka kati ya vidole, na mwalimu mkuu akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, na pale pembeni Kitufe akaanguka magotini mwa Fundi, shingo imekakamaa, uso unageuka rangi, kwa maana wenzake walikuwa wanaimba na kuvuta hewa, ila yeye alikuwa anaimba tu.

"Ni uongo!" Mwalimu Noti alipiga yowe. "Ni uongo! Niliuiba! Wote ni wa Kidege, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho! Nilimwibia daftari, nikamsimamisha hapa hapa nikamlazimisha ajiite mwongo! Mwongo ni mimi! Mimi ni mwongo! Mimi ni mwongo!"

Noti ikakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko uwanja.

"Bibi," ilisema sauti ndogo, ya kukwaruza. "Nina kiu."

Watoto wakaanza kulia, walimu wakakimbia huku na huku. Mwalimu Noti alipanda ngazi kwa mikono na miguu, akafika miguuni pa yule mama.

"Mama Kidege," alisema.

Yule mama alishtuka. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemwita hivyo. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Umeniita vizuri," alisema. "Lakini kukusamehe sikusamehe. Mjukuu wako hana kosa, kampe maji. Mimi na wewe hatujamalizana, na sidhani kama tutamalizana." Akaegemeza fagio ukutani, akaweka funguo juu ya ngazi, akatoka getini bila kugeuka.

Fundi alimsaidia mwalimu kusimama. "Kwa mtoto ametoka," alimwambia sikioni. "Hapo nina hakika. Kwamba ameondoka, hilo sijasema."

*

Mwalimu Noti aliacha kazi wiki ileile. Kibao cha shaba kilishushwa. Mwalimu mpya aliwafundisha watoto wimbo kama ulivyokuwa kwenye daftari la penseli, ambalo lilipatikana chini kabisa ya kabati la mwalimu, limefungwa kwa gazeti, na watu wanasema mtu akiusikia na ile fa yake ndipo anaelewa kwa nini mwingine alikuwa tayari kuuiba. Mama Kidege alikuja siku moja kuusikiliza. Alikaa nyuma. Kitufe alirudi kwa mama yake, na sasa anaongea mpaka anakera.

Kuhusu bibi yake, miezi miwili ilipita salama. Alianza kulala. Alianza kuamini. Asubuhi moja, kichwa kikimuuma, akaenda zahanati ya mtaa mpya alikohamia, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Muuguzi alikuwa binti mchangamfu. Alivuta kadi mpya, akabonyeza kalamu.

"Shikamoo mama. Jina lako kamili?"

Akafungua kinywa kumjibu. So, so, la, ti, fa.

Muuguzi akacheka. "Mama una vituko! Haya, jina."

Alijaribu tena. Alikohoa, akaanza upya. Aliomba kalamu aandike, na mkono wake ukachora kwenye kadi mistari mitano na vichwa vitano vyeusi vya noti. Akatoa kitambulisho kwenye mkoba, akakisukuma mezani. Muuguzi akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Picha ilikuwepo. Mahali pa jina palikuwa peupe, kama pamefutwa kwa kiganja. Akajaribu kulikumbuka, hata kimoyomoyo, lile jina alilopewa na baba yake, lililoitwa alipohitimu, lililokaa kwenye shaba miaka kumi na minne, na alipolitafuta hakukuta hata herufi ya kwanza, alikuta pumzi tu, ikivuta na kutoa, karibu kabisa na sikio lake, na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa.

"Mama, unatetemeka. Kaa kidogo," alisema muuguzi kwa upole. Kisha, bila kujua, akawa anauimba wimbo ule kwa midomo iliyofungwa huku akiifuta meza. "Lakini ni mzuri, jamani. Umeingia kichwani hapo hapo. Wa nani huo?"

Na ulimi ukamfunguka, mwepesi, bila kizuizi chochote.

"Wa Kidege," alisema.